KITABU CHA MWANAFUNZI ASIYEONA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, wazazi na walimu katika sherehe za Chama)

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, nashukuru kupewa nafasi ya kusema mbele yenu katika siku hii ambayo Chama chetu chahesabu kazi zake. Wasemaji walionitangulia wametaja madarasa yaliyojengwa na watoto waliolipiwa karo, nasi sote twafurahi kwa hayo. Mimi nimeombwa niseme habari za watoto ambao katika hesabu hiyo hawakutajwa, nao ni wale ambao kitabu kilichopigwa chapa hakiwafai.

Nisemapo watoto hao sikusudii vipofu peke yao. Yuko mtoto mwenye uoni hafifu, na aghalabu huwa hivyo watoto wenye ualbino, ambaye huona ubao kama ukungu na herufi za kitabu kama mchanga. Yuko aliyepooza mikono, asiyeweza kukishika kitabu wala kufunua ukurasa. Tena yuko ambaye macho yake ni mazima na akili yake ni kali, lakini herufi humchanganyikia kwa namna ubongo wake unavyofanya kazi. Huyu tumezoea kumwita mvivu, na wengine wetu humchapa fimbo. Watoto hawa wana maradhi mbalimbali na hali mbalimbali, lakini katika jambo moja wako sawa: elimu imo ndani ya kitabu, na mlango wa kitabu umefungwa mbele yao.

Sisi Waislamu hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mafundisho juu ya jambo hili. Sote twaijua sababu ya kuteremshwa Sura ya 80 katika Kurani Tukufu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi, akitumaini kwamba watasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, akitaka kufundishwa. Sura hiyo ikaja kuonyesha kwamba yule aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye mwenye haki ya kuangaliwa kabla ya tajiri asiyejali. Angalieni sana: Bin Ummi Maktum hakuja kuomba chakula wala nguo. Alikuja kuomba kusomeshwa.

Na baadaye sahaba huyo alipewa kazi gani? Aliadhini pamoja na Bilal, na ilikuwa adhana yake ndiyo iliyowajulisha watu kwamba alfajiri ya kweli imeingia, wakati wa kula daku umekwisha. Imepokewa katika Hadithi kwamba hakuwa akiadhini mpaka aambiwe kwamba kumepambazuka. Basi watu wa Madina hawakumnyima kazi hiyo ati kwa kuwa yeye hakuiona alfajiri. Walimpa habari ya alfajiri kwa njia ya sauti, kwani sauti ndiyo iliyoweza kumfikia, naye akaifanya kazi yake kwa ukamilifu. Kwa maoni yangu shauri lote la leo limo katika jambo hilo. Mtu asiyeona hana upungufu wa akili wala wa dini. Kinachompungukia ni habari iliyoletwa kwa njia anayoweza kuipokea, na kuileta njia hiyo ni wajibu wa wale waonao.

Huenda mtu akasema: Mbona tangu zamani wasioona wamekuwa wakisoma kwa kusikiliza tu, na wamekuwa wanazuoni? Neno hili ni kweli. Sheikh Muhammad Rif'at wa Misri, aliyefariki mwaka 1950, alikuwa haoni, na ni sauti yake iliyosoma Kurani Tukufu siku ilipofunguliwa Redio ya Misri, mwaka 1934. Taha Hussein, aliyezaliwa mwaka 1889, alipofuka angali mtoto mdogo. Alihifadhi Kurani kijijini kwao, akasoma Al-Azhar, akapata shahada ya udaktari mjini Cairo mwaka 1914 na nyingine Paris mwaka 1918, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu. Watu kama hawa ni fahari yetu.

Lakini tuangalie vizuri namna walivyosoma. Taha Hussein alihitaji mtu wa kumsomea karibu kila kitabu. Alipokuwa Ufaransa alisomewa na binti wa Kifaransa aliyekuja kuwa mkewe, na kama asingempata mtu wa namna hiyo tusingelijua leo jina lake. Mwenye kusomewa husoma katika saa ambayo msomaji ana nafasi, na husoma kile ambacho msomaji yuko radhi kukisoma. Akitaka kurudia ukurasa mara tatu, huona haya kumchosha mwenzake. Akitaka kujua jina fulani huandikwaje, hapana budi aulize. Na msomaji akiruka mstari, yeye hajui. Kusomewa ni hisani, nasi twawashukuru wanaoifanya. Lakini elimu ya mtu haifai kutegemea hisani ya siku kwa siku. Kwa kila mmoja aliyefika kama Taha Hussein, ni wangapi waliokaa barazani maisha yao yote, wakisubiri mtu wa kuwasomea asiyekuja?

Shauku ya kusoma kwa nafsi yako, bila ya kumngojea mtu, ni ya zamani, na miongoni mwa walioitafutia njia alikuwa Mwislamu. Mwanahistoria Khalil bin Aybak as-Safadi, aliyefariki mwaka 1363, aliandika kitabu kizima juu ya watu mashuhuri wasioona. Miongoni mwao amemtaja Zayn ad-Din al-Amidi, mwanachuoni wa Baghdad aliyekuwa pia mfanya biashara ya vitabu. Mtu huyu, kila aliponunua kitabu, alichukua karatasi nyembamba akaisokota kama uzi, akaifinyanga iwe herufi zenye hesabu ya bei yake kwa kanuni ya abjadi, akaibandika ndani ya jalada, na juu yake akabandika karatasi nyingine. Siku akisahau bei, alipapasa kwa kidole akaijua. Hayo yalikuwa zaidi ya miaka mia tano kabla ya Louis Braille.

Louis Braille naye alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa kushona matandiko ya farasi. Mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi, na ugonjwa ukaenea hata jicho la pili. Alipelekwa kusoma Paris katika shule ya vijana wasioona, na mwaka 1829 akachapisha maandishi yake yanayosomwa kwa ncha za vidole, ambayo kwa Kiswahili twayaita nukta nundu. Kila herufi hutokana na nukta sita, na mipangilio yake ni 63. Kwa nukta hizo huandikwa Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili, hesabu, na hata Kiarabu. Mwaka 1951 ulifanyika mkutano mjini Beirut, chini ya UNESCO, kuzipatanisha nukta za Kiarabu na za lugha nyingine, na leo iko misahafu ya nukta nundu ambayo asiyeona huisoma mwenyewe, kutoka kushoto kwenda kulia.

Faida ya nukta nundu ni kubwa, wala haijapitwa na wakati. Mtoto aliyezijua hujua kuandika, hujua tahajia, hujua kupanga hesabu. Shida yake ni gharama na uzito. Karatasi yake ni nene, nundu zake hutaka nafasi, na kitabu kimoja cha shule huwa majalada kadhaa ya kujaza kabati. Mashine za kuvipiga chapa ni ghali, na waijuao kazi ni wachache. Kwa sababu hiyo, kwa muda wa miaka mingi, Umoja wa Vipofu Duniani umekuwa ukikadiria kwamba katika kila vitabu kumi vinavyochapishwa ulimwenguni, hakifiki hata kimoja kinachowafikia wasioona kwa namna wanayoweza kuisoma. Na katika nchi maskini hali ni mbaya zaidi. Wameiita hali hiyo njaa ya vitabu, nalo ni jina lililosadifu.

Sasa, ndugu zangu, njaa hiyo imepata dawa, na dawa yenyewe ni kitabu cha kidijitali. Yafaa tufahamu kitabu hiki ni kitu gani. Ni maandishi yaliyohifadhiwa katika kompyuta au simu kama herufi zenyewe. Kwa kuwa ni herufi, chombo chaweza kuzigeuza kwa kadiri ya haja ya msomaji. Asiyeona husikia zikisomwa kwa sauti, kwa mwendo autakao. Mwenye uoni hafifu huzikuza na kubadili rangi yake. Aliyepooza mikono hufunua ukurasa kwa kugusa kitufe kimoja. Yule ambaye herufi humchanganyikia husikia neno huku akilitazama liking'aa mbele yake. Na ajuaye nukta nundu hupewa chombo chenye safu ya vijiti vidogo vipandavyo na kushuka, akasoma kwa vidole kitabu kizima pasipo hata ukurasa mmoja wa karatasi. Tena kitabu kilichotengenezwa vizuri kina vichwa vya habari vilivyotiwa alama, hata msomaji aweze kurukia sura ya saba bila kusikiliza sita za mwanzo, na picha zake zimeelezwa kwa maneno.

Si lazima kutumia fedha nyingi. Iko programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, ambayo huisomesha kompyuta kwa sauti, nayo hutolewa bure. Sauti ya Kiswahili imo. Simu nyingi za leo zina kipaji hicho ndani yake tangu dukani. Wala asiseme mtu kwamba kijijini hakuna intaneti, kwani kitabu hushushwa mara moja tu kikahifadhiwa, kisha husomwa popote, na simu huchajiwa kwa taa ya jua.

Kulikuwa na kizuizi cha pili, nacho ni sheria. Kitabu ni mali ya mwandishi na mchapaji, na kukinakili bila idhini ni dhuluma. Kuomba idhini kwa kila kitabu na katika kila nchi kulikuwa kazi isiyokwisha. Kwa hiyo tarehe 27 Juni 1963 — la, nasoma kutoka karatasini: 27 Juni 2013 — mataifa yalikutana mjini Marrakesh, nchini Moroko, yakakubaliana mkataba, nao ukaanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Mkataba huo waruhusu taasisi zilizotambuliwa, zisizotafuta faida, kukigeuza kitabu kiwe cha namna ya kusomeka kwa wenye ulemavu niliowataja, bila ya kumwomba mwenye hakimiliki, na kupelekeana vitabu hivyo nchi kwa nchi. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka 2017, na Uganda yetu mwaka 2018.

Maana yake ni kubwa. Kitabu kilichogeuzwa mara moja Nairobi au London hakina haja ya kugeuzwa tena Kampala. Huko Marekani iko maktaba iitwayo Bookshare, iliyoanza mwaka 2002 katika California, ambayo leo ina vitabu zaidi ya milioni moja vya namna hii. Na tangu mwaka 2014 Shirika la Hakimiliki Ubunifu Duniani linao ushirika maalum wa kuzisaidia maktaba za nchi mbalimbali kubadilishana vitabu hivyo.

Hapa nawakumbusha jambo la amana. Ruhusa hii imetolewa kwa ajili ya wenye haja tu. Mtu mwenye macho mazima akikichukua kitabu hicho akakisambaza kwa marafiki zake, amevunja ahadi, na tena amewaharibia wanyonge mlango waliofunguliwa. Kitabu hiki ni kama chakula cha mayatima: mlezi hukigawa, wala hakili.

Basi, ikiwa sheria imeruhusu, na chombo kipo mikononi mwetu, kimebaki nini? Tumebaki sisi. Nami naomba Chama kiyatazame mambo manne.

La kwanza, tuwajue watoto wetu. Walimu wa shule na wa madrasa wawaandike watoto wote wasiosoma kitabu kwa sababu ya macho, mikono, au herufi kuchanganyika. Kisha wapelekwe kwa waganga wa macho, kwani wengine watakutwa hawana haja ila ya miwani tu. Na wazazi wasiwafiche. Mtoto aliyefichwa ndani hana anayeweza kumsaidia.

La pili, maandishi yote yatokayo kwetu yatolewe kama maandishi, si kama picha. Mmeona namna tunavyofanya: karani huipiga chapa karatasi ya masomo katika kompyuta, huitoa, kisha mtu huipiga picha kwa simu na kuisambaza picha hiyo. Kwa mwenye macho haina tofauti. Kwa simu ya asiyeona, picha hiyo ni karatasi tupu. Iko programu za kujaribu kuzitambua herufi ndani ya picha, lakini huweza kukosea, hasa kwa picha iliyopinda au yenye kivuli. Karani alikuwa nayo maandishi yenyewe tangu mwanzo. Angaliyatuma hayo, mtoto angalisoma. Jambo hili halitaki hata shilingi moja. Lianze kwa kijitabu hiki cha sherehe zetu.

La tatu, mwalimu. Chombo bila mwalimu ni sanamu. Chuo Kikuu cha Kyambogo hufundisha walimu wa elimu maalum. Tumchague mwalimu mmoja, mwanamume au mwanamke, tumlipie akajifunze nukta nundu na matumizi ya vyombo hivi, kisha arudi awafundishe wenzake. Na hapa nataja madrasa mahsusi. Sauti ya mashine yafaa kwa jiografia na historia, lakini haifai kumfundisha mtoto Kurani, kwani haijui tajuwidi wala matamshi ya herufi kutoka mahali pake. Katika Kurani mtoto asiyeona ataka mambo mawili: mdomo wa mwalimu, na msahafu wa nukta nundu. Tukimpa kusikia peke yake, atakuwa hafidhi. Tukimpa na msahafu, atakuwa hafidhi mwenye kuweza kuhakikisha alichokihifadhi.

La nne, wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu mashamba, visima na misahafu misikitini. Kompyuta mbili au tatu, simu chache pamoja na spika za masikioni, na chombo kimoja cha nukta nundu, vyaweza kuwekwa wakfu vivyo hivyo katika maktaba ya shule yetu, chini ya mlinzi ajulikanaye, na kuandikwa katika daftari. Kisha Chama kiandikiane na taasisi iliyotambuliwa nchini, ili watoto wetu wapate vitabu kwa njia ya halali. Kila aya atakayoisoma mtoto huyo, na kila mtu atakayemfundisha baada yake, thawabu yake itamfikia aliyeweka wakfu hata akiwa kaburini.

Najua kwamba sisi ni watu wa huruma. Siku ya Ijumaa, mtu asiyeona akikaa mlangoni mwa msikiti hatumpiti mikono mitupu. Lakini sarafu ile twampa kwa kuwa miaka thelathini iliyopita hapana aliyempa kitabu. Haki yake ilikuwa kuwa mwalimu, au wakili, au karani wa Chama hiki, au kukaa hapa mezani mahali niliposimama mimi. Sisi tukamwachia mlango wa msikiti. Mtoto wa leo aliye na umri wa miaka saba hajafika mlangoni bado. Ana miaka michache ya kusoma mbele yake, na miaka hiyo haingoji mikutano yetu.

Kwa hiyo naomba shauri hili lisiishie katika kupigiwa makofi. Naomba kabla hatujatawanyika Mheshimiwa Mwenyekiti ateue watu watatu, na mmoja wao awe mtu asiyeona, kwani mambo yao yakizungumzwa pasipo wao hukosewa. Wapewe miezi mitatu ya kuandika majina ya watoto, na wasomewe wanachama majina hayo katika mkutano ujao.

Namwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaofungua milango ya elimu, wala tusiwe miongoni mwa wanaoifunga kwa kughafilika.